Mstari Mmoja Uliobaki

Alhamisi hiyo Mwihaki alijitilia chai mara tatu kabla ya saa sita, na hakuna kikombe hata kimoja alichokimaliza. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Aliitazama simu yake mara nyingi mpaka ikawa kama anaidai jibu. Janice, mwenye kampuni, alimvumilia weee, mwisho akamwambia achague moja, kukaa au kutoka, maana alikuwa anawatia wenzake kizunguzungu.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya nne huko Kilimani, na kazi yao ilikuwa kutengeneza michezo ya kompyuta. Mmoja wa michezo hiyo Mwihaki ndiye aliyeutunga tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Uliitwa Milango ya Bi Zena. Ndani yake msichana aitwaye Tima anamtafuta bibi yake katika nyumba kuukuu ya pwani yenye milango mingi, na kila mlango una fumbo lake. Ulipotoka, miaka miwili nyuma, uliangukia pua. Milango ilikataa kufunguka hata kwa aliyelifumbua fumbo. Mtu alicheza saa tatu, akazima, na aliporudi alijikuta pale pale alipoanzia.

Lakini kilichouzika mchezo huo kabisa ni Kiswahili. Mwihaki ni mzaliwa wa Kinoo, na pwani alikuwa amefika mara mbili tu, zote mbili na kwaya ya kanisa. Basi Bi Zena wake, bibi wa mji wa kale, mwenye buibui na harufu ya udi, akifungua kinywa anasema: "Mtoto yangu, kuja hapa ukule chakula mzuri." Watu wa Mombasa walikikata kipande hicho wakakisambaza, na kwa wiki nzima nchi ikashika mbavu. Hata jina la bibi huyo lilimshinda aliyemtunga. Herufi ya zedi haikuwahi kukaa kwenye ulimi wa Mwihaki. Yeye alisema Bi Sena, na shule zote alizosoma hazikulitibu hilo.

Ajabu ni kwamba baadhi ya waliocheka waliupenda mchezo wenyewe. Walianza kuutengeneza bila kuombwa na mtu. Oduor wa Kisumu alifungua milango. Ivyne, nesi aliyecheza siku zake za mapumziko, aliufanya mchezo ukumbuke mtu alipoachia. Na mmoja akakaa mwaka mzima kuyaandika upya maneno yote ya Bi Zena na majirani zake, mstari kwa mstari, elfu tatu mia nne na kumi na mbili, mpaka ukimsikia bibi yule unatamani akukaribishe chakula.

Sasa kampuni ilitaka kuutoa mchezo upya, ukiwa na viraka, yaani marekebisho yote ya mashabiki, ndani yake na majina yao mwishoni. Duka la michezo la mtandaoni lilikuwa limewapa mpaka saa kumi na moja jioni ya siku hiyo, na sharti lilikuwa kila mwenye kiraka atie saini kwamba ameridhia. Wote walikuwa wameshatia isipokuwa huyo wa maneno. Barua pepe saba hakuzijibu. Wakikosa saini yake, nafasi yao ingepewa wengine na Bi Zena angezikwa mara ya pili, safari hii bila matanga.

"Si unamjua huyo jamaa?" Janice aliuliza. "Enda umwone basi. Ni town tu hapo."

"Namjua," Mwihaki akajibu.

"Sasa?"

Angemwambia nini? Kwamba huyo jamaa, Zuhair bin Mbarak, ndiye mwanamume pekee aliyewahi kumlaza macho wazi? Kwamba jina lake alilitamka Suhair kwa mwaka mmoja na nusu, na yeye, mtu wa kusahihisha kila kitu, hilo hakulisahihisha hata siku moja? Mwihaki alichukua mkoba wake akaita teksi kwa simu.

Teksi ilikwama kabla ya kuingia mjini. Dereva alikuwa mtu wa subira, tena alikuwa na redio. Mwihaki hakuwa na subira wala masikio ya redio, kwa hiyo alishuka katikati ya foleni na kwenda kwa miguu, huku moyo unamwambia harakisha na miguu inamwambia ngoja kwanza.

Njiani aliyakumbuka ambayo alikuwa amejikataza kuyakumbuka. Zuhair aliomba aupitie mchezo kabla haujatoka, Mwihaki akakataa kwa kiburi na kwa haraka. Kisha kile kipande cha Bi Zena kikaenea. Jioni moja alikwenda dukani kwa kina Zuhair akalie begani kwake, na alichokuta ni Zuhair na binamu zake wameinamia simu moja wanacheka, na yeye Zuhair ndiye anayecheka kwa sauti kuliko wote. Aligeuka akaenda zake. Wiki mbili baadaye mapenzi yalimzidi nguvu, akameza uchungu na kumwandikia neno moja tu. Jibu lililorudi lilikuwa: "Sawa. Mwenyezi Mungu akujaalie mwenye kheri na wewe." Hapo ndipo alipoifunga simu na kulifunga suala lote.

Nyumbani Kinoo baba yake, mzee Gerishon, mzee wa kanisa na mwenye nyumba za kupangisha pale kando ya barabara kuu, alishukuru Mungu mezani. Hakumtaja kijana kwa jina. Alishukuru tu kwamba nyumba yake sasa ni ya imani moja, akaomba apitishiwe sukuma wiki.

Duka la kina Zuhair lilikuwa mtaa wa Biashara, limejaa leso kuanzia sakafuni hadi darini. Ndani alikuwamo Bi Saleha, mama yake Zuhair, peke yake na mkasi mkononi. Wanaume walikuwa wamekwenda msikitini kuswali alasiri.

"Shikamoo, mama," Mwihaki akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Bi Saleha alimjua vizuri sana, lakini alimkaribisha kama anavyomkaribisha mteja yeyote. Akamvutia kigoda, akamtilia kahawa na kumsogezea kisahani cha tende. Ukarimu wake haukuwa na dosari, na hilo ndilo lililomkosesha Mwihaki raha. Zamani Zuhair aliwahi kumwambia: mama akikuuliza jina la baba yako, ujue amekubali kukujua, asipouliza, wewe ni mteja. Mwaka mmoja na nusu aliingia na kutoka dukani humo, na hakuwahi kuulizwa. Nyumbani walimwita binti wa kompyuta.

Bi Saleha alikuwa anakunja leso mpya, nyekundu na nyeupe, doti baada ya doti. Mwihaki aliona kwamba ukanda wa chini, pale ambapo leso huandikwa maneno yake, yaitwayo jina, ulikuwa mtupu.

"Hizi hazina jina," alisema, ili aseme kitu.

"Za posa hizo." Mkasi ulikata uzi. "Jumamosi twaenda kumposea Zuhair. Nisreen, binti wa ndugu yangu. Wiki tatu namwambia, mwanangu, tunga jina niwapelekee wachapaji. Yuwatungia mji mzima huyu, waja watu mpaka kutoka Lamu wamtafuta yeye. La mkewe lamshinda."

Alisema hivyo bila kumtazama, na Mwihaki akaelewa kwamba ameambiwa makusudi. Kahawa ilimpalia. Alitaka kuinuka aende, akaikumbuka saini, akabaki. Alihesabu leso za rafu ya kwanza, akapoteza hesabu, akaanza tena.

Saa kumi na dakika kumi Zuhair aliingia, kofia mkononi. Alikuwa amekonda kidogo. Ndevu zilikuwa zimemkaa vizuri, jambo ambalo Mwihaki aliliona kuwa ni dhuluma. Alipomwona alisimama pale pale kizingitini, mguu mmoja ndani na mwingine nje, mpaka mpita njia akampigia mluzi apishe. Wakatazamana. Miaka miwili ile yote ya kujiambia amesahau iliisha hapo hapo.

"Umekuja," Zuhair akasema.

"Nimekuja kwa sababu ya kazi."

"Najua."

"Basi kama unajua, weka saini tu niende. Tuko na mpaka saa kumi na moja."

Zuhair alimtazama mama yake, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi sana na uzi. Akaingia nyuma ya meza, akatoa kompyuta yake kutoka chini ya vitambaa, akaifungua taratibu.

"Siwezi kutia saini kazi ambayo haijaisha," alisema.

"Mistari elfu tatu mia nne na kumi na mbili, Suhair. Nimeisoma yote."

"Umesoma niliyoiandika. Mmoja sikuugusa. Njoo utazame."

Mwihaki alizunguka meza. Walisimama karibu, kiasi cha kusikia harufu ya sabuni ya mkononi mwake, na kwa dakika nzima hakuona kilichoandikwa kwenye kioo. Kisha akaona. Ulikuwa mwisho wa mchezo. Mlango wa mwisho umefunguka, Tima amempata bibi yake, amejitupa kifuani pake, na anasema: "Bibi, nimekukosa sana."

"Sasa hapa shida iko wapi?" aliuliza. "Hii ndiyo iko sawa kuliko zote."

"Kwako nimekukosa ni nini?"

"Ni nimekukosa. Ati ulikuwa mbali, nikasikia vibaya. Nimekumiss."

Zuhair alifumba macho kidogo, akayafumbua. Akazungumza polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita na chombo kilichojaa maji.

"Kwetu sisi, mtu akikwambia nimekukosa, ana maana alikutafuta asikupate. Au alikutaka, akaona hawezi kukupata. Ni neno la kukata tamaa, Mwihaki. Mimi nilipofika mstari huu nilisema, huyu mtoto bibi yake yuko mikononi mwake, amemkosa vipi tena? Nikaurudia, nikaurudia. Mara nikakumbuka kwamba neno hili nimewahi kuandikiwa mimi."

Hakuhitaji kumwonyesha. Alimwonyesha hata hivyo. Ujumbe ulikuwa bado uko kwenye simu yake, wa miaka miwili, haujafutwa: Nimekukosa. Na chini yake jibu lake, lenye kumtakia kheri na mwingine.

Mwihaki alishika ukingo wa meza. "Ulidhani nakuacha."

"Nilidhani umeniaga. Nilikaa na lile neno mchana kutwa. Nikasema, nilimcheka, nimestahili, acha nimjibu kwa heshima."

"Mimi nilikaa nalo siku tatu," Mwihaki akasema. "Ningeandika nimekumiss kama watu wote. But wewe ulikuwa unanitania nikichanganya lugha. Nikasema leo nitamwandikia Kiswahili safi, ajue niko serious. Nikakuandikia Kiswahili safi, Suhair."

Hakuna aliyecheka. Jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha na wote wawili walilijua, lakini lilikuwa limewala miaka miwili.

"Uligundua lini?" aliuliza Mwihaki.

"Miezi minne sasa."

"Miezi minne." Uchungu ulipata mahali pa kushika. "Kwa hivyo ulijua, ukanyamaza? Oduor anangoja, Ivyne anangoja, Janice anakaribia kunifuta kazi, na wewe umekalia saini ndio mimi nije nikupigie magoti dukani kwenu? Na Jumamosi unaenda kuposa?"

"Ni makosa, sikatai. Ningekuja nikuulize nini? Kama nimebahatisha vibaya, kama kweli uliniaga, nitakuwa nimegonga mlango wa mtu niliyemcheka, kuomba nilichonyimwa. Nilisema mwenye mstari huu ndiye anayejua maana yake. Hata kama atakuja na hasira, atakuja."

"Na Nisreen?"

"Leso zake ziko pale. Wiki tatu. Naketi kuandika, haliji neno."

Upande wa pili wa duka mkasi ulikuwa umeacha kukata zamani.

Mwihaki alichukua mkoba wake akaelekea mlangoni. Alikuwa na hasira ya haki, na hasira ya haki humpa mtu miguu. Alifika kizingitini na hapo simu ikalia, Janice akimkumbusha kwamba ni saa kumi na dakika thelathini na tano na kumwuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuomba dua zote, kama jibu ni ndiyo au hapana. Mwihaki alitazama nje. Watu walipita na mifuko yao, kila mtu anajua anakokwenda. Yeye peke yake ndiye aliyesimama. Akitoka anapoteza mchezo, na huyu aliye nyuma yake anampoteza mara ya pili, tena safari hii bila kosa la lugha la kusingizia.

"Nipe dakika kumi," alimwambia Janice, akarudi mezani.

"Nyinyi mnasemaje?" alimwuliza Zuhair. "Ukiwa na mtu moyoni, na hayuko, na unasikia ni kama umepungua. Kwenu hiyo inaitwa nini?"

Zuhair aliinua macho. Alipojibu alikuwa anamtazama usoni, wala si kwenye kioo.

"Nimekupeza."

"Sijawahi kuisikia."

"Hutaisikia Kilimani. Nyanya yangu alikuwa akimwambia babu kila akirudi safari."

"Basi andika hiyo. Iingie hapo, utie saini, tumalize."

Vidole vya Zuhair vilikaa juu ya herufi na havikubonyeza chochote. Akasema mchezo ni wake Mwihaki, na yeye hawezi kumtilia mtu kinywani neno ambalo mwenyewe hajalisema. Alisema hivyo kwa upole, lakini alikuwa anaomba, na Mwihaki alilisikia ombi hilo.

Alimtazama. Akajua kwamba akilisema hatalisema kwa niaba ya Tima. Akajua pia kwamba mama mtu yuko hatua sita nyuma yake na masikio yake hayana kasoro. Akavuta pumzi.

"Nimekupesa," alisema.

Alilisikia mwenyewe mara tu lilipotoka. Ameambiwa kupeza, yeye katia pesa. Damu ilimpanda usoni, na palepale akaiona tena jioni ile, simu moja na vichwa vitatu vimeinama, na akangoja kicheko. Alikingoja kwa mwili wote, mabega yakiwa yamekakamaa. Kama kingetoka, hata cha puani tu, angeondoka na asingerudi mtaa huu maisha yake yote.

Kicheko hakikuja. Zuhair alikuwa na machozi, na hakuyafuta.

"Na mimi nimekupesa, Mwihaki," alisema, kwa esi ile ile, ya Kinoo kabisa. "Nimekupesa sana."

Akaandika neno hilo kwenye mstari wa mwisho kama linavyoandikwa kwao, kwa zedi. Akatia saini. Saa kumi na dakika hamsini na moja saini yake ilifika Kilimani kwa barua pepe, na simu ya Mwihaki ikaanza kutetemeka kwa furaha ya Janice. Hakuipokea. Mkono wake ulikuwa umelala mezani kando ya mkono wa Zuhair, haukugusa wala haukuondoka.

Nyuma yao Bi Saleha aliinuka. Alikusanya leso nyekundu na nyeupe, akazipanga vizuri, akazirudisha kwenye rafu ya juu kabisa, huko ambako huwekwa mali ambayo bado haijajulikana itakwenda kwa nani. Hakusema kama amekubali na hakusema kama amekataa. Alikuja akachukua kikombe cha kahawa ambacho Mwihaki hakukimaliza, akakimwaga, akatia kingine cha moto na kukiweka mbele yake.

"Nimelisikia jina lako," alisema. "Na baba yako aitwa nani?"

Zuhair aligeuka kwa haraka. Mwihaki alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Anaitwa Gerishon, mama. Wa Kinoo."

"Jerishoni," Bi Saleha akalirudia polepole, akijaribu namna litakavyokaa kinywani mwake, na halikukaa.

Mwihaki hakumsahihisha.